Mwitikio Unaopanda

Chukua neno dogo "ndiyo". Liseme sauti ikipanda mwishoni, kisha liseme tena ikishuka. Umesikia? Mara ya kwanza umekubali kwa moyo. Mara ya pili umekubali kwa sababu huna njia. Kama hujasikia bado, usijali, sikio hujifunza. Sisi wa Likasi, mji wa viwanda vya shaba, tulifundishwa kwa ukali.

Kila asubuhi, kabla ya kuingia kiwandani, tulipangwa mbele ya bendera kumwimbia Rais. Kiongozi wa nyimbo aliita, nasi tukaitika "eeee!", na sauti ilipaswa kupanda. Jumatatu moja shemeji yangu, mume wa dada yangu, alisimama kando yangu. Jumamosi tulikuwa tumemzika binti yao. Akaitika, na sauti yake ikashuka, kama watu wanavyoitika kwenye kilio.

Kiongozi akasimamisha wimbo, akamwita kwa Kifaransa cha serikali, citoyen, yaani mwananchi.

"Citoyen, weye, kuja hapa mbele. Rais wetu amekufa?"

"Hapana, shefu. Ni mutoto wangu ndiye alikufa."

"Basi ile sauti ungeiacha kule ku makaburi. Rudia!"

Akarudia. Ikashuka. Watu wakacheka. "Aah, baba analia kama mbuzi!" Akarudia mpaka koo likamkauka. Kiongozi akamwambia kwamba kesho isipopanda, kazi imekwisha. Na kazi ikiisha, nyumba ya kampuni nayo inakwenda, pamoja na watoto waliobaki humo.

Jioni alijizoeza nyuma ya jikoni. Ndani wanawake walikuwa mikekani, wakiomboleza. Nje, yeye: "Eeee!" Mwanzoni sauti ilikataa. Kisha ikapanda, safi, ya furaha kabisa, na maombolezo yakakatika.

Dada yangu akatoka.

"Baba ya watoto, uko unafurahia nini?"

"Ni ya kazi, mama. Juu ya nyumba, batatufukuza."

"Mutoto yuko chini ya udongo, na weye uko na ile sauti?"

Kesho yake aliitika vizuri kuliko sisi sote. Kiongozi akampigia makofi, akamweka mstari wa mbele awe mfano.

Nyumba ikabaki yao. Dada yangu aliendelea kumpikia, kumfulia, na kumjibu kila alichouliza, ila kwa sauti bapa, isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma nambari za wagonjwa hospitalini. Miezi ikapita hivyo. Siku moja shemeji akamsihi, mbele yangu, walau amtukane.

Akamtukana, kwa sauti ileile.