Mlango wa Chumba cha Poda

Kengele hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake kikosini, kwa sababu kengele ya zimamoto ikilia yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuruka kitandani, buti mguuni, wengine bado wanatafuta soksi. Kijana mwepesi, maneno mengi, na macho yasiyoamini kitu. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Ukishaingia kwenye nyumba nyingi zilizoungua, ukakuta waya umefungwa kwa karatasi na mshumaa umesimamishwa juu ya godoro, utamtazama kila binadamu kama mchoma nyumba ambaye hajapata kiberiti tu.

Macho hayo hayo ndiyo yaliyomwingiza kwenye biashara. Siku moja liliungua duka la vitambaa. Ukutani palikuwa na mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, umefutwa vumbi vizuri, na ndani mtupu. Mwenye duka alikaa pembeni mwa barabara ameukumbatia. "Nilijua ninao," alikuwa akisema. "Nilijua ninao." Sauti ile ilimganda Kengele. Siku zake za mapumziko akawa anapita madukani kukagua mitungi ya watu, na mingi, jamani, ilikuwa mapambo. Akaapa atafungua karakana yake mwenyewe, na mtungi wake ukibinywa utatoa kitu.

Lakini zamu za kikosi zilikuwa bado zinamsubiri, na mtu hana mikono minne. Akamchukua shemeji, mume wa dada yake, fundi wa majiko ya gesi, mtu mpole anayesema neno moja pale wengine wanaposema kumi. Wakakodi vyumba viwili nyuma ya duka la matairi, cha mbele cha wateja, cha nyuma cha poda, mlango wake ukifungukia uani. Kengele alitafuta wateja na kutundika mitungi kwao, shemeji alijaza.

Basi hapo ndipo mdudu alipoingia. Shemeji alikuwa na tabia moja. Akitaka kujaza, anaingia chumba cha poda, anafunga mlango kwa ndani, na upenyo wa chini anauziba kwa kitambaa. Ukigonga hajibu mpaka amalize.

"Shemeji, humo ndani unaficha nini?" Kengele alimuuliza, nusu utani.

"Naificha poda na unyevu," shemeji akajibu. "Ikipata unyevu inashikana."

Jibu zuri. Zuri mno, Kengele akawaza. Mtu mkweli huwa hana jibu la haraka namna hiyo. Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza. Akaona vumbi jeupe kwenye mikono ya shati lake. Poda nayo ilikuwa nyeupe, lakini yeye aliona unga tu. Akamwona amebeba mfuko wa unga begani akielekea nyumbani. Unga wa chakula cha watoto wa dada yake huo, lakini nani wa kumwambia Kengele? Kichwani mwake shemeji alishachanganya poda na unga, akajaza mitungi, na mji mzima ulikuwa umetundika uji ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na akaacha hata kunywa chai nyumbani kwa dada yake.

Ndipo fundi seremala, mmoja wa wateja wao, akaja. Alikuja asubuhi, nyusi moja imeungua, mtungi kwapani.

"Kengele, huu mtungi wako ni wa nini? Wa kupigia picha?"

"Kimetokea nini, fundi?"

"Maranda yameshika moto chini ya msumeno. Nimetazama mshale wa kipimo cha upepo, uko kwenye kijani. Nimeng'oa pini, nimebinya. Fyuu! Upepo mtupu, na kavumbi kidogo ka kunidhihaki. Ndoo za majirani ndizo zilizoniokoa."

Kengele akamkumbuka yule mwenye duka la vitambaa. Nilijua ninao, nilijua ninao. Kumbe sasa na yeye anauza mapambo! Mtu mwingine angeufungua mtungi pale pale. Yeye akaufunika gunia na kuuweka pembeni, kama kidhibiti cha mahakamani, usiguswe mpaka mshtakiwa awepo. Akawaita dada, mama na seremala waje uani mwa karakana.

"Mwanangu," mama akamwambia kabla hajaanza, "huyu ni baba wa wajukuu zangu. Ukilisema hili huwezi kulimeza tena."

"Na watu wakiungua, mama, nitawameza?"

Akamgeukia shemeji. "Unatia unga kwenye mitungi yangu. Ndiyo maana unajifungia. Wewe ni mwizi, shemeji, na wizi wako utaua watu."

Dada akashika mdomo. Shemeji akauliza kwa sauti ya chini, "Una hakika?"

"Tutaona."

Kengele akamimina mafuta kwenye karai, akayawasha, akauacha moto ukue. Akachagua mwenyewe mtungi mmoja kutoka kwenye rafu ya mitungi iliyojazwa na shemeji, akang'oa pini, akabinya. Wingu jeupe likalifunika karai. Lilipotulia, moto haukuwepo. Akachukua wa pili, akawasha tena mafuta. Ukazima vile vile. Kengele alianza kutokwa jasho, na joto la karai halikuwa na hatia hapo.

"Na wangu je?" seremala akauliza. "Fungueni wangu basi."

Shemeji akalitoa gunia. Akaachia upepo uliobaki, akafungua kichwa cha mtungi, akaupindua. Hakikudondoka kitu. Akachukua nyundo ya mpira, akaugonga kitako taratibu, ko, ko, ko. Bonge jeupe likaanguka. Akalivunja kwa vidole, akamnyooshea Kengele kiganja. Poda ile ile, safi, ila imeshindiliwa ikawa kama chaki.

Kengele aliufahamu mlio ule wa nyundo. Kila asubuhi kikosini sajini aliwatoa nje kupindua mitungi ya magari na kuigonga vitako, mvua inyeshe, jua liwake. Vijana walisema ni adhabu tu, mzee anapenda kutesa. Kengele alikuwa wa kwanza kumwigiza sajini na kuwachekesha wenzake. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mtungi huu ulitundikwa wapi?" shemeji akamuuliza seremala.

"Kwenye nguzo ya msumeno. Mashine ikiwaka, nguzo inatetemeka mpaka meno yanauma."

"Nani aliutundika hapo?"

Seremala akamwonyesha Kengele kwa kidevu. "Huyu. Akaniambia nisiuguse mpaka siku ya moto."

"Mtetemo huishindilia poda, na isipogongwa hailegei," shemeji akasema.

Dada hakumtukana. Alimkung'uta mumewe vumbi begani, wakaondoka. Kengele alikwenda kwao jioni hiyo, akaomba msamaha mlangoni kwa sababu hakukaribishwa ndani. "Nimekukosea, shemeji. Kosa ni langu, na nimekupaka matope wewe." Shemeji akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akarudi kazini.

Kengele akazunguka kwa wateja wote, akahamisha mitungi iliyo karibu na mashine, akawafundisha watu kupindua na kugonga. Jina la karakana likasimama tena. Lakini shemeji, akitaka kujaza, sasa aliuacha mlango wazi kabisa, umeegemezwa ukutani, na kwa kila mtungi alimwita: "Shemeji, njoo uone ninachotia."

Siku moja manyunyu yakaanza. Upepo wa maji ukawa unaingia mpaka kwenye ndoo ya poda.

"Shemeji, funga mlango, poda itaharibika," Kengele akasema.

"Sifungi. Nilipofunga niliitwa mwizi."

"Nakuomba."

Shemeji akaendelea kujaza. Kengele akatoka nje, akauvuta mlango mwenyewe, akavua koti lake la kikosi akauziba nalo upenyo wa chini. Akasimama kwenye manyunyu, mgongo umeuegemea mlango.

Mteja mmoja akaja mbio, mfuko kichwani. "Mbona umelowa? Humo ndani kuna nini?"

"Shemeji yangu anajaza," Kengele akasema. "Subiri, asisumbuliwe."