Nilivyohamia Mbinga Kujifungua

Mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi minane, nesi wa kliniki ya Mbamba Bay alinipapasa tumbo mara mbili, kisha akakaa.

"Mtoto amelala kwa kukingama, mwanangu. Hapa hatufanyi upasuaji. Nenda Mbinga ukasubirie huko."

Siku zote nilijua nitajifungulia pale, mama akiwa nje ya mlango. Lakini mama alikuwa anamuuguza bibi, na mume wangu alikuwa Songea kwenye kazi ya ujenzi. Nikapanda basi peke yangu, na beseni langu na kanga.

Katika nyumba ya wajawazito wanaosubiri, wenzangu wote walikuwa Wamatengo, wenyeji wa Mbinga. Walinikaribisha vizuri, wakanigawia maharage yao. Ila wakishanijulia hali kwa Kiswahili walirudi kwenye Kimatengo, wakacheka, nami nikacheka bila kujua tunacheka nini. Mchana ndugu zao walikuja kuwaona. Mimi niliongea na tumbo kwa Kinyasa, taratibu, ili angalau niisikie lugha ya nyumbani.

Wiki ya tatu uchungu ulinishika asubuhi. Mlangoni pa chumba cha upasuaji nesi wa zamu aliuliza, "Nani atampokea mtoto?"

"Sina mtu, dada."

"Basi nitampokea mimi."

Alizaliwa wa kike, mzima. Nilipozinduka, nesi yule alikuwa ameshamaliza zamu. Nikampigia mama, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikamlaza binti yangu kifuani, nikamkaribisha mimi mwenyewe, kwa niaba ya ukoo mzima.