Ghala la Haneti na Sahihi za Posho

Ukipita Haneti siku hizi ukauliza habari za Swaumu Hamidu, utaambiwa ni mama mkorofi, mbishi, asiyetaka maendeleo. Wengi wa wanaosema hivyo walisomesha watoto wao kwa sababu yake. Ninaandika haya nikiwa na hasira, na asitokee mtu wa kunituliza.

Sisi tunamwita Mama Naima. Alizaliwa milimani, Kondoa, akaja Haneti na mumewe aliyekuwa akinunua ngozi. Mume alifariki Naima akiwa bado hajaanza shule. Kila mtu alitegemea mjane yule arudi kwao. Hakurudi. Alikodi ekari tatu, akalima alizeti, na mwezi wa sita akamuuzia mchuuzi wa lori mavuno yote kwa bei ya kutupa, maana mtoto alitakiwa sare. Mwezi wa kumi na moja akapita mnadani, akakuta gunia kama lilelile limepanda zaidi ya mara mbili. Aliniambia hakulia. Alikaa chini palepale akatukana, yeye mtu wa swala tano, na tusi lenyewe amekataa kunitajia mpaka leo.

Mwaka uliofuata alitukusanya watu kumi na tisa, Warangi wa msikitini na Wagogo wa kanisani, tukaanzisha chama cha akiba na mikopo. Fedha hatukuwa nazo, hivyo hisa tulilipa kwa madebe ya alizeti. Tofali tulifyatua wenyewe, mchanga tukasomba wenyewe, tukajenga ghala. Mambo yalikwenda hivi: wakati wa mavuno unaleta magunia yako yanapimwa, chama kinakukopesha nusu ya thamani yake ukamalize shida zako, na magunia yanakaa. Bei ikipanda tunauza kwa pamoja, mkopo unakatwa na riba yake ndogo, kinachobaki ni chako. Riba nayo haikwenda kwa tajiri yeyote, ilibaki chamani. Mwenye hisa moja na mwenye hisa mia, kila mmoja alikuwa na kura moja. Mwanangu Sila ni mwalimu leo kwa ajili ya ghala lile.

Mama Naima ndiye aliyekuwa mtunza ghala, na alikuwa mkali kwelikweli. Kuna mwaka nilipeleka magunia manne, akaingiza mkono, akanusa, akanirudishia yote.

"Baba Sila, hii ina maji. Kaanike."

"Mama Naima, mimi ni mwanzilishi mwenzako!"

"Ndiyo maana nakwambia mapema, watu hawajafika."

Kisha serikali ikahamia Dodoma, mji ukavimba, na watumishi wakaanza kujiunga na saccos yetu. Tulifurahi. Michango yao ilikatwa kwenye mshahara kila mwezi, mfuko ukajaa, na sitasema uongo, hata sisi tulikopa humo. Lakini ofisi ikahamia Miyuji, kule mjini, mkutano mkuu ukaifuata, na uenyekiti ukachukuliwa na Ludovick, bwana wa mashati yaliyonyooka, anayefungua kila hotuba kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" nasi tunaitikia kwa shangwe tukidhani anatupenda. Kwa watu wa aina yake ghala letu lilikuwa mstari mmoja kwenye taarifa. Mali isiyozalisha, ndivyo walivyoandika.

Hapo ndipo ilipoingia posho. Mwanzoni ilikuwa nauli tu, anarudishiwa mtu wa mbali. Baadaye ikawa ya kila mtu, shilingi elfu ishirini, na tukazoea vibaya. Mtu alikuwa hajui hata ajenda, ila anajua posho ni kiasi gani. Utaratibu wenyewe ulikuwa mmoja: unasaini orodha ya mahudhurio mkutano ukishafungwa, unapewa chako, unaondoka.

Mwaka jana ajenda ya saba ilisema ghala la Haneti liuzwe, inunuliwe nyumba ya ofisi Miyuji. Wiki moja kabla, Mama Naima alituita kwake, akatupigia hesabu. Kuuza mali ya chama kunataka theluthi mbili ya waliohudhuria, na mkutano huwa na watu mia na kumi hivi.

"Tukienda arobaini na tukabaki arobaini, hawaipati," akasema. "Likiuzwa, mwezi wa sita tutarudi kulia kwenye lori la mchuuzi. Sina ninachowaomba zaidi ya kukaa kwenye viti."

Kukaa kwenye viti! Mtu mzima anashindwaje kukaa kwenye kiti?

Tulikwenda arobaini kamili. Saa saba mchana, tukiwa ajenda ya nne, karani Brightness akaingia na orodha na bahasha. Ludovick akashika kipaza sauti.

"Wazee wetu wa Haneti wasisumbuke na usafiri. Bodi imeamua posho itoke mapema. Msosi uko tayari nje. Mwenye kuwahi gari awahi tu, tuko pamoja."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Naima akasimama.

"Msisaini! Mwenyekiti, posho hutoka mwisho. Ajenda ya saba je?"

"Shikamoo mama yangu. Tutaifikia tu, usiwe na presha."

Hakuitikia ile shikamoo. Watu walicheka, wa mjini na wa kwetu, na mimi nilitabasamu kidogo. Orodha ilipofika safu yetu akanishika mkono.

"Baba Sila, kaa."

"Nasaini tu, sitoki."

Nikasaini. Nikatoka nikala pilau. Dereva wa Haneti akaanza kupiga honi, nikajiambia wengine watabaki. Ndani ya gari nikawakuta hao wengine, thelathini na wanne, na kila mmoja alikuwa amejiambia hivyohivyo. Hakuna aliyeshuka.

Ukumbini walibaki watu wetu watano, Mama Naima akiwa mmojawapo. Ajenda ya saba ilichukua dakika chache. Na muhtasari ulipotoka, ulisema wajumbe mia na kumi na wawili walihudhuria, na wote kwa kauli moja waliridhia ghala kuuzwa. Nyuma yake zimebanwa sahihi zetu. Yangu ni ya themanini na sita, imeandikwa vizuri kabisa.

Ya kwake haipo. Alikataa kusaini, akakataa na hela. Basi alipopeleka malalamiko ofisi ya ushirika, afisa mmoja kijana, mwenye adabu zake zote, akaipitia orodha kwa kidole.

"Mama, kwa mujibu wa hii, hukuhudhuria. Asiyehudhuria hawezi kupinga maamuzi."

"Nilikuwepo mpaka mlango unafungwa."

"Ungesaini, mama."

Ungesaini! Sisi tuliokimbilia pilau tulihudhuria, na yeye aliyebaki hakuwepo. Nimelirudia jambo hili kichwani mara ngapi sijui, na kila mara natamani kuvunja kitu.

Imebaki njia moja. Katiba yetu inasema wanachama mia moja wakitia sahihi, mkutano maalumu lazima uitishwe, na mnunuzi atamaliza kulipa mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo Mama Naima, miaka sitini na minane, goti moja bovu, anatembea nyumba kwa nyumba na daftari alilolipiga mistari kwa rula. Mpaka jana lilikuwa na sahihi thelathini na moja. Wengine wanajificha wakimwona. Wengine wanasema wataonekana wabaya kwa Ludovick, wana mikopo. Nimewatukana barabarani, nimewatukana kilabuni, na sijutii.

Lakini na langu lisemwe. Jumanne alifika kwangu, nikiwa uani napiga alizeti. Akanisalimu, akanipa kalamu bila maneno mengi, akanionyesha mstari. Nilifurahi kumwona, Mungu anajua. Nikaandika jina, nikaweka sahihi, nikamrudishia kalamu, na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukasema:

"Safari hii ni shilingi ngapi?"

Mama Naima alinitazama. Nilitaka kulirudisha neno, halikurudi. Akafungua kibindo cha khanga yake, akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, nadhani ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya gunia langu, akaenda nyumba inayofuata.