Kuku wa Wakaguzi

Heru Juu nzima, huko Kasulu, hapakuwa na uwanja uliofagiwa mapema kuliko wa Laurentine Ndayikeza, mjane wa Mwalimu Tharsisi. Yeye mwenyewe alifundisha watoto wadogo wa parokia tangu ujana mpaka macho yalipochoka, kwa posho ya sadaka, bila mkataba. Uzee ulipomfikia, hakukuwa na mfuko wa pensheni uliomjua kwa jina. Kiinua mgongo cha marehemu kilikuwa kimeishia hospitalini pamoja na marehemu. Ilibaki nyumba ya bati, viti vya sofa vyenye vitambaa alivyovifuma kwa mkono, na kuku mmoja ambaye mayai yake yalileta chumvi na sabuni.

Binti yake wa pekee, Nadine, aliolewa Kibondo. Kila akipiga simu wimbo ulikuwa uleule: "Mama, njoo tukae wote." Laurentine aligeuza mazungumzo. Mama mzima akalale chini ya paa la mkwe wake, wakati hata njiani wanapishana kwa heshima! Nyumba ya Tharsisi ingesemwaje?

Njia pekee ya kuikwepa Kibondo ilikuwa mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kwenye mkutano wa kijiji, jirani yake Uwimana alisimama akalitaja jina lake mbele ya watu wote. Laurentine aliinamisha uso, akavumilia. Sasa walisubiriwa wakaguzi waje kujionea kwa macho.

"Mama Nadine, kesho nisione moshi kwako," Uwimana alimwonya. "Na vua hivyo vitambaa. Wakute muhogo wako mkavu, basi."

"Mgeni atoke kwangu na njaa?"

"Hao si wageni, we mama! Wanakuja kukukagua."

"Aliyeingia mlangoni kwangu ni mgeni."

Hata hivyo, asubuhi alijaribu. Alivua vitambaa, akaona sofa zilivyochanika, akavirudisha upesi kana kwamba amemwona mtu uchi. Kisha akachukua kisu akatoka nje kumtafuta kuku.

Walikuja wawili: Manirambona, afisa kijana wa wilayani, na Abbasi, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye herufi zote alizifahamu mikononi mwa Laurentine. Walikuta meza imetandikwa, ugali, kuku wa mawese, na chai ya maziwa kwenye vikombe vya kuazima.

"Mama, hapa kwa siku mnakula mara ngapi?" afisa aliuliza.

"Kama watu wengine."

"Jana, kwa mfano, ulikula nini?"

Jana alikula muhogo wa kuchemsha, na juzi vilevile. "Vizuri tu. Namshukuru Mungu."

Abbasi alikohoa. "Mwalimu, hapa tuseme ukweli. Hali yako tunaijua."

"Abbasi, nilikufundisha a, e, i, hujui hata kujifuta kamasi. Leo wewe ndiye unayeijua hali yangu? Ongeza mchuzi."

Abbasi akaongeza mchuzi. Afisa alinawa, akashukuru sana, akaandika.

Habari aliileta Abbasi mwenyewe baada ya wiki kadhaa. Hakuingia ndani. "Mwalimu, jina halikupita," alisema, akaondoka haraka.

Uwimana alikuwepo. "Ungewapa maji tu! Umewalisha kuku, wameandika una kuku!" Alianza kucheka, akauona uso wa mwenzake, akakoma. "Hukuwaambia hata neno moja? Kwamba unashinda na njaa?"

Laurentine alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja. Hata kwa Uwimana, neno hilo halikutoka.

Mvua zilipoanza hakuwa na nguvu za kushika jembe. Aliuza sofa, akala mpaka fedha zikaisha, kisha akafunga mlango na kupanda basi la Kibondo.

Basile, mkwe wake, alimpokea mzigo kwa heshima. Kwa heshima hiyohiyo akahamishia chakula chake mwenyewe barazani, asile mbele ya mama mkwe, na Laurentine, aliyeketi ndani, alimsikia akisogeza kigoda kila manyunyu yalipomfuata. Jirani mmoja alichungulia.

"Bibi, umekuja kutembea?"

"Kutembea tu."

"Kasulu unarudi lini?"

"Karibuni."

Kila mlo alimega tonge mbili, tatu, akasukuma sahani akisema ameshiba, isije ikasemwa kwamba mjane wa Tharsisi alikuja kummaliza mkwe wake. Mwanzoni Nadine alimbembeleza. Baadaye aliacha, akawa anaondoa sahani bila kumtazama, na gauni za mama zikazidi kumpwaya.