Mtani Alivyokuja Kumzika Mzee wa Kang'ata

Ofisi yetu iko Chanika ya Handeni, chumba kimoja kikubwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mgeni akiingia, kitu cha kwanza anachokiona ni mabomba mawili marefu ya maji, yaliyochomelewa na fundi wa hapo hapo mtaani, ili watu wayashike wanapojifunza upya kutembea. Mimi ndiye kiongozi wa timu. Wateja wetu ni watu wazima na wazee: waliopooza, waliovunjika nyonga, waliokatwa mguu kwa sababu ya sukari, na vijana wa zamani walioharibiwa na bodaboda. Tunawafuata majumbani, Handeni yote na upande wa Korogwe, kwa gari ambalo lingekuwa mtumishi wa serikali lingeshastaafu. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa nawaambia nafundisha watu wazima kwenda chooni. Wanacheka wakidhani natania, lakini sitanii hata kidogo.

Mimi si mtu mpole. Wenzangu ofisini wanajua nikianza kukung'uta funguo za gari mezani, kila mmoja atafute kazi ya kufanya. Na kitu kinachoniudhi kuliko barabara mbovu na ukosefu wa vifaa ni pole. Kwetu mgonjwa halazimishwi. Kuanzia asubuhi majirani wanaingia mmoja mmoja, wanakaa pembeni ya kitanda, wanasema, "Pole mzee, lala tu, usijisumbue." Wote wanasema kwa upendo, na mgonjwa kwa adabu anawatii. Baada ya miezi kadhaa ya kutii, mguu unasahau kazi yake kabisa, halafu sisi tunaitwa.

Ndivyo tulivyomkuta mzee mmoja wa Kang'ata. Alikuwa mkulima hodari wa mahindi na ufuta, mtu wa maneno machache, na kiharusi kilipompiga upande wa kulia kikayapunguza hata hayo machache. Alielewa kila kitu. Ila maneno yalitoka kwa shida, yamevunjikavunjika, naye akaona aibu kuyatoa hivyo, akaamua kunyamaza. Mkewe, bibi mwembamba mwenye mikono migumu ya jembe, ndiye aliyekuwa akimnyanyua, kumgeuza na kumsafisha.

Mtoto wao wa kwanza anafanya biashara ya nafaka Korogwe mjini. Ni mtoto mzuri, sina neno baya juu yake. Siku moja alifika akamkuta mama yake hawezi kunyoosha mgongo kwa sababu ya kumbeba baba, na hapo hapo akatoa uamuzi: mahindi yakishaingia ghalani, anamchukua baba akae naye Korogwe. Nyumba yake ni ndogo na imejaa watoto, kwa hiyo mama atabaki Kang'ata na shamba lake na mbuzi wake.

Bibi alinieleza habari hiyo akiwa anapukuchua kunde, bila kuinua macho. "Nimeolewa hapa nikiwa msichana," aliniambia. "Leo nitenganishwe na mume wangu kwa ajili ya choo?"

Nilimpigia simu mtoto. Hakuwa mbishi. "Mama," aliniambia, "akiweza kuamka mwenyewe na kwenda chooni, mama yangu akamshika mkono tu bila kumbeba, mimi sina haja ya kumhamisha. Mtaweza?"

Nikamjibu kwamba tutaweza. Nilijibu haraka kwa kuwa sipendi kuulizwa swali hilo.

Ukweli ni kwamba hatukuwa tunaweza. Mtaalamu wetu wa mazoezi aliyekuwa akienda kule alikuwa Msambaa mwenzangu, binti mwenye adabu mpaka basi. Alikuwa akipiga goti, anatoa shikamoo, anauliza, "Babu, leo tujaribu kusimama?" Mzee anafumba macho. Binti naye hawezi kumwambia mtu wa umri wa babu yake kwamba anadeka, kwa hiyo anamnyoosha mguu kitandani, anaaga, anaondoka. Hata nilipokwenda mwenyewe na ukali wangu wote, mzee aliniitikia marahaba kwa kichwa, akafumba macho vile vile. Pembeni ya njia mahindi yalikuwa yameshaanza kukauka.

Binti akaenda likizo ya uzazi. Nafasi yake akaishika kijana wa Kinyamwezi aliyehamia kwetu kutoka Tabora, mwili mkubwa, kicheko kikubwa, mtu anayesalimia hata watu waliomo kwenye basi linalopita. Siku ya kwanza nilimpeleka Kang'ata mimi mwenyewe. Njiani nilimsomea hotuba nzima kuhusu upande wa kulia, goti lisilo na nguvu, na uamuzi wa mtoto. Alisikiliza vizuri, halafu akauliza swali moja.

"Bosi, huyu mzee ni Mzigua kabisa?"

"Mzigua wa hapo hapo Kang'ata."

Akatabasamu, akatazama dirishani. Ningekuwa na akili timamu asubuhi ile ningesimamisha gari.

Tulipiga hodi, bibi akatukaribisha. Nikainama kutoa shikamoo. Kijana wangu hakutoa. Alisimama mlangoni mwa chumba, akamtazama mzee aliyelala chali amejifunika shuka mpaka kidevuni, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yuwii! Mtani wangu! Mzigua amekufa na hakuna aliyemwambia Mnyamwezi!"

Akajitupa chini na kuanza kulia. Alilia kwa sauti ya kufika Tabora. Alitaja sifa za marehemu: uvivu wake, uchoyo wake, jinsi alivyokuwa akila ugali wa watu wanne. Kisha akanyanyuka, akachukua kofia ya mzee iliyotundikwa ukutani, akaivaa. Akavuta kiti cha mzee, akakalia. Akamgeukia bibi na kumwambia afute machozi, maana hatakaa mjane hata siku moja, mtani ameshafika kurithi.

Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa kumzaa hana. Atakutukana mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kofia, atakulilia kwa kejeli, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kumjibu tu. Nilikuwa nayajua haya yote kama anavyoyajua kila mtu, lakini sikuwahi kufikiria kwamba yanaweza kuingizwa kwenye chumba cha mgonjwa wangu.

Shuka likatikisika. Mzee alikuwa amefumbua macho, na macho yenyewe yalikuwa yanawaka.

"Mpa..." alisema. Akameza mate, akaanza tena. "Mpagazi! Toka... kwenye kiti!"

Bibi akaziba mdomo kwa khanga. Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyokuwa amesikia kwa mumewe tangu augue.

"Maiti inaongea!" kijana akapiga kelele. "Kama kiti ni chako, njoo ukichukue!"

Mzee alishusha mguu wa kushoto, akaukokota wa kulia kwa mkono, akashika kamba za kitanda na kujivuta hadi akakaa. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kijana, huku bado anamlilia marehemu, alikuwa ameshasogeza kiti karibu na kitanda, na goti lake lilikuwa limelizuia lile goti bovu lisijikunje. Mkono wake mmoja ulikuwa umefunguka nyuma ya mgongo wa mzee bila kumgusa. Mzee akasimama. Alitetemeka kama jiko la mkaa lililowekwa juu ya jiwe bovu, lakini alisimama, akanyoosha mkono wa kushoto akaipokonya kofia yake. Mimi nililia. Nasema wazi nililia, na nikageukia ukutani wasinione.

Sikumaliza hata kujifuta. Nje kulikuwa na kilio kingine, na hicho hakikuwa cha utani.

Kijiji kilikuwa kimesikia. Nyumba ina mgonjwa wa muda mrefu, ghafla sauti ya mwanamume inalia "Mzigua amekufa": nani angesubiri maelezo? Wanawake walikuwa wanaingia uani wamejifunga khanga viunoni, mmoja na kuni kichwani. Wanaume wawili walikuja na majembe, wananiuliza kaburi litachimbwa upande gani. Nilisimama kwenye kizingiti nikipunga mikono na kusema hakuna msiba, hakuna msiba, mpaka bibi alipotoka na kueleza kwamba ni mtani. Kisha yule mwenye kuni akazitupa chini na kuanza kucheka, na uwanja mzima ukamfuata.

Mimi sikucheka. Nilimvuta kijana nyuma ya jiko nikamwambia yote niliyokuwa nayo, kuhusu kazi, akili na barua ya onyo.

"Bosi," alisema kwa upole, "sikumwachia goti hata mara moja."

"Sizungumzii goti! Je, kama kuna mtu ameshampigia simu mtoto wake?"

Alikuwepo aliyepiga. Nilijaribu kumpigia mtoto mara nyingi. Simu yake haikupatikana, maana alikuwa njiani. Hakuna aliyeondoka. Waliokuja kuzika walikaa, wakachemsha chai, na mzee akatolewa barazani akaketi kwenye kiti chake akiwa amevaa kofia, akibadilishana matusi na mtani wake, neno moja moja. Nilikuwa na nyumba nyingine ya kutembelea siku hiyo na sikwenda. Nilikuwa nasubiri gari kutoka Korogwe kama mtu anayesubiri hukumu.

Lilifika mchana. Mtoto alishuka kabla halijasimama vizuri, na chini ya kwapa alikuwa na kifurushi cheupe. Alikuwa amemnunulia baba yake sanda.

Aliwapita watu bila kuwaona, akielekea mlangoni, na katikati ya uwanja akamwona baba yake barazani. Alikaa chini kwenye vumbi, na suruali yake nzuri, akalia kwa uchungu ambao ulizima kicheko cha kila mtu pale. Kijana wangu akamwendea, akapiga magoti, akaomba radhi, na safari hii hakuwa mtani wa mtu.

Mtoto alipoweza kusema, alimtazama Mnyamwezi na kutikisa kichwa. Mtani huwezi kumkasirikia. Akaanza kutafuta mtu wa kumkasirikia.

"Nani mkubwa wa hawa watu?"

Sisi Wasambaa kwa Wazigua ni ndugu tu, na ndugu hukasirikiwa. Nikasogea mbele. "Ni mimi."

"Baba anakuja Korogwe leo," aliniambia. "Leo hii. Sisubiri mahindi. Nilikuwa nalia kwenye gari tangu Korogwe, mama, unajua? Nilikuwa nawaza nani atamwosha."

Yote aliyosema yalikuwa haki yake. Bibi alikuwa amesimama kando ya nguzo ya baraza, ameshika ncha ya khanga yake, na nikaona anaanza kukubali. Alikuwa anafikiria nguo zipi za mumewe zifungwe kwanza.

Ndipo mzee alipoweka mkono wa kushoto kwenye fimbo. Kijana wangu akapiga hatua moja, nami nikamshika shati kumzuia. Sijui kwa nini nilimzuia; kwa kanuni zangu mwenyewe ilikuwa kosa. Mzee aliinama mbele kama alivyokuwa ameelekezwa na yule binti siku zote alizofumba macho, akasukuma, akasimama. Bibi akampa kiwiko, hakumbeba.

Walishuka baraza. Waombolezaji wakawapisha. Mguu wa kulia ulikuwa unachora mstari kwenye vumbi, mke na mume wanakwenda taratibu sana kupita kwenye majembe na kuni za msiba, wanazunguka jiko, hadi kwenye choo cha miti nyuma ya nyumba. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kimya kikimtazama mtu anayekwenda kujisaidia. Mtoto alikuwa amesimama pia, sanda mkononi.

Walikaa huko muda. Walipotokea tena, jasho lilikuwa linamtiririka mzee, na bibi alikuwa anatazama chini ili asicheke au asilie, mojawapo. Wakamjia mtoto wao moja kwa moja. Mzee akasimama mbele yake, akakusanya pumzi.

"Korogwe," alisema. Tukasubiri lingine. "Korogwe... nitakuja... kusalimia. Na mama yako."

Mtoto akakihamishia kile kifurushi mkono wa kushoto, akaushika mkono wa baba yake.

"Karibuni sana, baba," akasema.