Mkanda Mweupe wa Fundi Longino

Mume wangu Longino ni fundi cherehani. Tangu nimjue anakaa kwenye baraza ya duka moja pale Lizaboni, mtaa wa hapa Songea, na pembeni yake anakaa rafiki yake Abuu, mtu wa Nalasi, anayeshona kanzu. Longino hushona magauni meupe ya mabinti wa komunyo ya kwanza. Msimu wake ukifika nyumba yetu yote inakuwa nyeupe, hata kuku hawaruhusiwi kupita mlangoni.

Anajisifu sana. "Fundi anayejichoma bado mwanagenzi," huwaambia wateja. "Mimi sindano inaniheshimu."

Wateja hucheka. Ukweli naujua mimi, kwa sababu ndimi ninayefua. Damu ya Longino naitoa mimi, kwa maji baridi na chumvi, kabla mtu hajaliona gauni. Miaka ishirini na mitatu yalikuwa matone mawili matatu. Lakini mwaka huu, tangu Kwaresma, akijichoma damu haikati. Inalowesha kitambaa alichofunga kidoleni na kushuka mpaka kwenye pindo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, watoto wangu wananicheka kwa hilo. Lakini mwenye wasiwasi huwa anaangalia. Nikafungua droo ya cherehani, nikakuta maganda ya vidonge vya maumivu ya mgongo, vile vya kujinunulia dukani. Alikuwa akivimeza asubuhi na jioni kama peremende. Nilipomwuliza aliniambia niangalie maharage yangu jikoni.

Gauni moja lilikuwa na mkanda mpana wa kiunoni, na doa la mkanda ule lilikataa kabisa kutoka. Nikauficha kwenye mkoba wangu. Longino akautafuta, akaukosa, akamgeukia Abuu kwamba ndiye aliyeuchukua.

"Nifanyie nini mkanda wa komunyo, mimi Mwislamu?" Abuu akamwuliza. "Niufunge niende nao Ijumaa?"

Wakanuniana siku nne, nami sikusema kitu, Mungu anisamehe.

Kisha kikaanza kifua. Akipandisha kilima kutoka sokoni alikuwa anasimama, mkono kifuani, akijifanya anasubiri kumsalimia mtu. Hospitali wakampima, wakasema inaelekea mshipa wa moyo umeziba. Bahati nzuri wiki ile madaktari bingwa walikuwa wamekuja Songea kutoka Dar es Salaam. Tukapangiwa Daktari Nasrin, mwenye adabu, ambaye kwa sura ungedhani ni mdogo kuliko binti yetu Lightness.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Akatueleza polepole. Longino atakwenda Dar es Salaam, wapitishe mrija mwembamba kwenye mkono mpaka moyoni, wapanue mshipa na kuacha humo kiwavu kidogo cha chuma cha kuushikilia usizibe. "Tatizo, damu ikikutana na kile chuma inataka kuganda. Ikiganda, mshipa unaziba tena palepale. Kwa hiyo lazima nimpe dawa ya kuizuia, na hapo ndipo pa kuchagua. Ipo ya nguvu, ipo ya wastani. Ya nguvu inazuia zaidi, lakini mtu anayetoka damu kirahisi inaweza kumuua."

"Kumbe ni kama mafuta ya cherehani," Longino akasema, amefurahi. "Ukitia machache inakwama. Ukizidisha yanachafua kitambaa."

"Hujakosea, mzee. Sasa niambie, wewe damu yako hutoka kirahisi? Unatumia dawa yoyote?"

"Mimi? Sindano inaniheshimu, daktari. Niandikie hiyo ya nguvu."

Daktari akashika kalamu. Nilitaka kumkatiza, nikaogopa. Mimi niliishia darasa la saba, na Longino alishanionya njiani: "Ukianza maneno yako watanirudisha nyumbani bila kuzibuliwa." Hilo nalo nililiogopa. Lakini kalamu ilishagusa karatasi.

"Kitambaa kimeshachafuka," nikasema. Nikautoa mkanda kwenye mkoba, nikauweka mezani, nikasema doa lile ni damu ya kidole chake, na vidonge nikavitaja.

Longino akautazama mkanda, akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe! Nimemnunia Abuu siku nne!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alipoirudisha usoni hakuwa anacheka tena. Akamwuliza Longino choo chake kina rangi gani. Longino akaitazama dari.

"Cheusi," akaiambia dari. "Kama lami."

"Inaelekea vile vidonge vimekutia vidonda tumboni, mzee, na ndivyo vinavyozuia damu kukata. Unavuja damu ndani." Akakata alichokuwa ameandika. "Mama, ungenyamaza leo, ningempa dawa isiyomfaa."

Hawakukataa kumzibua, ila walimpa kwanza mwezi mzima wa kutibu tumbo, na vidonge vya mgongo marufuku. Tulipofika getini kwetu Longino akanigeukia.

"Umeniaibisha, Mama Lightness."

"Afadhali nikuaibishe ukiwa hai."

Mwezi ulipokwisha tukaenda Dar es Salaam. Wakamzibua mshipa, wakampa ile dawa ya wastani. Mimi nilikaa nimekodolea macho bandeji ya mkononi mwake mpaka nesi akanisogezea kiti nyuma, akisema mgonjwa naye anahitaji hewa.

Sasa Longino amerudi barazani. Kilima anakipanda bila kusimama. Abuu alidai fidia ya siku nne za kununiwa, akaahidiwa kanzu. Ni kanzu hiyohiyo Longino aliyokuwa anaimalizia juzi, saa nne asubuhi, nilipomwona anaingia uani amekibana kidole ndani ya kitambaa. Zamani angekificha mfukoni.

"Nimejichoma," akasema, kama mtu anayeripoti kituoni.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu Abuu aanze kunicheka. Anacheka mpaka sasa."

Nikamkalisha kwenye kigoda, nikakibana kidole mwenyewe dakika kumi kwa saa ya ukutani, kama tulivyoelekezwa. Nikafungua. Damu ilikuwa imekata. Nikamwambia aende akamalizie kanzu, na hiyo kanzu ailete niikague kabla Abuu hajaivaa.