Jina la Saba

Nimefundisha watoto Kurani hapa Ujiji miaka mingi, na namshukuru Mungu kwa subira aliyonijalia. Fomu ya bima ya afya ilikaribia kuimaliza yote.

Mwandikishaji alipofika mtaani aliniomba nimtajie watu wa kaya yangu. Nikawataja kama ninavyowataja kila mwaka tunapotoa zaka ya fitri: kwanza mayatima wawili wa marehemu dada yangu, halafu wajukuu watatu, halafu mimi, na mke wangu mwisho. Baba alifanya hivyo. Mwenye nyumba na mkewe hawajitangulizi. Kijana aliandika bila kuniambia kwamba nafasi ni sita. Kadi zilipokuja, mke wangu hakuwamo.

Na mgonjwa ni yeye. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na daktari alishasema anaweza kupasuliwa akaona tena.

Nilikwenda ofisi ya bima. Mara ya kwanza mtandao haukuwapo. Mara ya pili mhusika alikuwa semina. Mara ya tatu binti mmoja alinieleza kwa adabu kwamba mfumo haukubali mtu wa saba, labda nimtoe mmoja.

Barazani, baada ya swala ya alasiri, mdogo wangu alinicheka. Yeye husema bima ni kamari, unalipia ugonjwa ambao Mungu hajakuandikia. Nikamkumbusha kwamba chama chetu cha mazishi nacho tunakichangia tukiwa hai, na mwenyekiti ni yeye.

"Kaka, chama chetu hakijawahi kumwambia mtu kwamba maiti yake ni ya saba," akasema.

Nikavaa viatu vyangu, nikarudi nyumbani.

Mwanangu, mvuvi wa dagaa Ilagala, ana msimamo wake: serikali itibu watu wote bure. Akingojea siku hiyo, hajajiandikisha popote, na wale wajukuu watatu wako kwenye fomu yangu kwa sababu ni wanawe.

Mke wangu alinikataza kumfuta yeyote. "Mimi nimeshaona vya kutosha," akasema, kana kwamba macho ni deni alilomaliza kulipa.

Nikarudi ofisini. Kabla binti hajagusa kompyuta, nilimpigia mwanangu nikamwambia namwondoa mwanawe mkubwa.

"Baba, unamfuta mjukuu wako?"

"Namrudisha kwako. Kamwandikishe huko."

"Na serikali ikitangaza bure?"

"Tutashukuru sote. Leo mama yako haoni."

Akasema atakwenda kesho yake. Binti akafuta, akaandika jina la mke wangu, akanitazama kwa huruma.

"Babu, jina jipya huanza kufanya kazi baada ya mwezi mmoja."

Nikasema alhamdulillah, nikatoka nje upesi kabla sijasema neno jingine.